Ziwa Tanzania Halipo: Tuangalie Kwanza Kabla ya "Badilisha Zote"



Jumamosi moja mwaka jana, binti wa darasa la saba alinifuata nikiwa napanga madawati. Karatasi ya mtihani wa majaribio ilikuwa mkononi mwake, ameikunja mara nne kama mtu anayeficha kitu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, hapa mbona mmenikosesha?"

Swali lilikuwa rahisi: Nchi gani iliungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964? Alikuwa ameandika Tanganyika. Mbele ya jibu lake kulikuwa na alama ya kosa, kubwa, nyekundu, na mwandiko ulikuwa wangu. Jibu lililokuwa kwenye mwongozo wetu wa kusahihishia ni Tanzania.

Nilisoma tena. Tanzania iliungana na Zanzibar, ikazaliwa Tanzania. Yaani mtoto kamzaa mama yake, halafu mimi, mwanafunzi wa digrii ya ualimu, nimesahihisha karatasi sitini na mbili usiku mmoja bila kushtuka.

Naandika haya kwa sababu mbili. Kwanza nilishamuomba radhi yule binti, lakini sijawahi kuwaeleza wenzangu ilikuwaje. Pili, kosa lile halikutokana na kutojua historia. Lilitokana na amri moja tuliyoipa akili mnemba, na naona wengi wetu hapa chuoni tunatoa amri kama ile kila siku kwenye ripoti za fildi, tafiti na hata katiba za vikundi vyetu.

Ilivyokuwa

Tulikuwa wanachuo wanne tunaojitolea kufundisha Jumamosi. Rafiki yetu anayesoma mambo ya kompyuta chuo cha jirani alitutengenezea hazina ya maswali: mafaili kumi na mawili ya Maarifa ya Jamii, pamoja na programu ndogo inayochagua maswali na kutoa karatasi ya mtihani na mwongozo wake wa majibu. Kazi nzuri kabisa. Zamani tulikuwa tunakopi maswali kwa mkono kutoka kwenye madesa ya watu.

Sasa, baadhi ya maswali ya jiografia yalitoka kwenye vitabu vya zamani sana. Moja lilisema Tanganyika inapakana na Kenya upande wa kaskazini. Mwalimu wa shule akatuambia, kwa haki kabisa, tutumie jina la nchi la sasa. Ilikuwa Alhamisi usiku, bando linakaribia kuisha, na karatasi zilitakiwa kwenda kuchapwa Kariakoo asubuhi. Tukafungua wakala wa akili mnemba, ile programu unayoielekeza kwa maneno ya kawaida nayo inaingia kwenye mafaili yako na kuyarekebisha. Tukaandika: "Badilisha Tanganyika iwe Tanzania kwenye mafaili yote."

Ikajibu imemaliza. Sehemu 23 zimebadilishwa. Tukashangilia, tukalala.

Baadaye, baada ya yule binti, nilikaa na nakala ya zamani nikazihesabu zile sehemu 23 moja moja. Zilizostahili kubadilishwa zilikuwa nne tu. Sita zilikuwa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo Kigoma ikawa kando ya Ziwa Tanzania. Kumi na tatu zilikuwa za historia na majibu yake: Tanzania ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kirefu chake kikawa Tanzania African National Union, miaka kumi kabla jina la Tanzania halijakuwepo.

Binti yule alipoteza alama tatu. Alama zinarudishwa, nikazirudisha siku ileile. Kilichoniuma ni wenzake. Nilipopita kwenye madawati nikakuta watoto wamefuta majibu yao sahihi na kuandika letu kwa usafi kabisa, maana karatasi ya mwalimu ndiyo imesema. Walioamini kalamu nyekundu walikuwa wengi. Aliyekuja kuuliza alikuwa mmoja.

Akili mnemba haikujua?

Rafiki yetu wa kompyuta alijitetea kwa hoja ambayo mwanzoni niliiona ya maana. Akasema, "Haya mambo yana akili kuliko sisi. Yangejua tu kwamba Ziwa Tanganyika ni jina la ziwa."

Tukaiuliza papo hapo. Ziwa Tanganyika ni nini? Ikatueleza vizuri, nchi nne zinazolizunguka na kina chake. Tanganyika iliungana na nani? Ikajibu sawasawa. Kumbe inajua! Basi kwa nini iliharibu?

Kwa sababu haikuangalia. Na hapa inabidi tuelewe kidogo wakala hawa wanavyofanya kazi. Wakala hawezi kusoma mafaili yako yote kila unapompa kazi. Kiasi anachoweza kukishika kwa wakati mmoja kina mpaka, na kila anachosoma kina gharama. Kwa hiyo anafanya kama wewe unavyofanya maktaba: anatafuta neno, anaona lipo wapi, anakwenda pale. Kisha ana njia mbili. Anaweza kurekebisha sehemu moja baada ya nyingine huku anasoma sentensi, au anaweza kuandika amri ya mstari mmoja inayobadilisha neno hilo kote kwa mpigo. Hiyo ya pili ni rahisi na ya haraka. Ukimwambia "yote", mara nyingi ndiyo atakayoichukua, na elimu yake yote kuhusu Ziwa Tanganyika itabaki imekaa pembeni kwa sababu hakuna mtu aliyemwonyesha sentensi yenyewe.

Sisi wanne nasi tulijua Muungano ulikuwa wa nani na nani. Tulifundishwa tangu shule ya msingi. Hatukuangalia tu. Kwa hiyo siwezi kuilaumu mashine peke yake kwa kosa ambalo nimelifanya nayo bega kwa bega.

Zana iliyokosekana

Kitu kilichokosekana kati ya kutafuta na kubadilisha ni hatua moja: kuonyeshwa. Kuna zana za kutafuta maneno kwenye mafaili ambazo, kabla ya kuandika chochote, zinatoa orodha ya kila mahali neno lilipo na sentensi itakavyosomeka baada ya mabadiliko. Faili lenyewe halijaguswa bado. Kwa kazi yetu ingeonekana hivi:

Faili la 3, mstari wa 14: "Tanganyika inapakana na Kenya" itakuwa "Tanzania inapakana na Kenya".

Faili la 3, mstari wa 22: "Kigoma ipo kando ya Ziwa Tanganyika" itakuwa "Kigoma ipo kando ya Ziwa Tanzania".

Faili la 7, mstari wa 5: "Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961" itakuwa "Tanzania ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961".

Mistari mitatu tu, na nina hakika hata mwenye usingizi angeshtuka kwenye ule wa pili. Na si binadamu peke yake anayefaidika. Wakala akionyeshwa orodha hiyo kabla ya kuandika, anazisoma sentensi, na ile elimu yake inapata pa kufanyia kazi. Anaweza kukwambia mwenyewe: hizi nne nabadilisha, hizi kumi na tisa naziacha, unasemaje?

Wazo hili si geni. Mwaka 1973 Ken Thompson wa maabara za Bell kule Marekani alitoa programu ya kutafuta maneno iitwayo grep, ambayo mafundi wa kompyuta wanaitumia hadi leo. Brian Kernighan, aliyekuwa naye pale, amesimulia kwamba ilitokana na shida ya mwenzao, Lee McMahon, aliyekuwa anachambua maandishi ya kihistoria ya Marekani ili kujua nani aliandika nini. Yaani kazi ya kwanza ya chombo hiki maarufu cha kompyuta ilikuwa utafiti wa aina tunayofanya sisi watu wa sanaa na elimu. Jina lake lilitoka kwenye amri ya zamani, g/re/p, na ile p ya mwisho maana yake ni chapisha: nionyeshe mistari uliyoipata. McMahon baadaye aliandika sed, programu ya kubadilisha maneno. Nayo, usipoipa ruhusa maalumu ya kuandika juu ya faili, inakutolea matokeo uyaone tu na faili linabaki lilivyo. Wazee wale walijenga kuonyesha kwanza. Kuandika moja kwa moja ni jambo unaloliomba.

Na baadhi ya zana za mawakala wa leo zina busara hiyohiyo. Ukimwambia wakala abadilishe kipande cha maneno, na kipande hicho kipo zaidi ya mahali pamoja, zana inakataa. Inamtaka ataje maneno ya kutosha ya jirani ili pajulikane ni pale pekee. Nyingine zinakuwekea mstari wa zamani kwa rangi nyekundu na mpya kwa kijani, zinasubiri useme ndiyo. Tatizo ni kwamba pembeni kuna kitufe cha kuruhusu yote bila kuulizwa tena, na sisi tunakipenda sana kitufe kile.

Kiswahili kinataka zaidi

Wanaotengeneza zana hizi wengi wanafikiria Kiingereza. Kwetu sisi hatari ni kubwa zaidi, na hapa ndipo nataka wenzangu wa Idara ya Kiswahili wanisikilize.

Tuseme msimamizi wako wa fildi amekwambia usiandike kitabu, andika moduli. Ukabonyeza badilisha zote. Sentensi iliyokuwa "Kitabu hiki kimeandikwa kwa lugha rahisi" sasa inasema "Moduli hiki kimeandikwa kwa lugha rahisi". Neno limebadilika na upatanisho wa kisarufi umebaki wa ngeli ile ya zamani. Katika Kiswahili nomino haitembei peke yake. Inaburuza vivumishi, viwakilishi na vitenzi nyuma yake kama bibi harusi na wapambe. Ukimtoa bibi harusi, wapambe wote wabadilishwe.

Bado hujamaliza. Umetafuta kitabu, lakini kwenye ripoti yako kuna vitabu pia. Hivyo havikupatikana, vimebaki vilivyo. Ukitafuta mwanafunzi, wanafunzi hawaonekani. Lugha yetu inabadilika mwanzoni mwa neno, ilhali mtafutaji anaanzia pale pale mwanzoni.

Na kuna la kinyume: kupata usichokitafuta. Kwenye ratiba ya kikundi chetu kulikuwa na mwenzetu, tumwite Juma, akahamia zamu nyingine na nafasi yake ikachukuliwa na dada tutakayemwita Asha. Mtu akabadilisha Juma kuwa Asha kwenye ratiba nzima. Wiki ile tulifundisha Ashamosi na Ashatatu. Tulicheka sana, na hakuna aliyeumia. Lakini ni kosa lilelile la Ziwa Tanzania, tofauti ni kwamba hili lilijionyesha lenyewe.

Kwa hiyo onyesho la awali kwa Kiswahili lisiishie kwenye neno. Lilete sentensi nzima, tuone wapambe. Na baada ya kubadilisha, utafute tena mara ya pili, kwa shina la neno, ili uone kilichosahaulika. Orodha ya kwanza inakwambia kitakachoguswa. Haikwambii kilichopitwa.

Wakubwa nao wanaumia

Msidhani ni sisi tu wa mafaili kumi na mawili. Nyaraka za Umoja wa Ulaya ziliwahi kukutwa na neno Cupertino, mji wa California, mahali palipotakiwa neno la ushirikiano, kwa sababu kikagua tahajia kilibadilisha na hakuna aliyetazama. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa miongozo iliyobadilisha baadhi ya majina, mathalani MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu programu ya Excel ilikuwa inaligeuza jina hilo kuwa tarehe ya mwezi Machi kwenye majedwali ya wanasayansi. Watu wakaona ni rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko kuizuia programu isibadilishe kimyakimya.

Na Julai 2025 mwekezaji mmoja wa Marekani alieleza hadharani kwamba wakala wa akili mnemba wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata yake ya kazi, ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe kitu. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, na miongoni mwa marekebisho aliyoyataja ni namna ya kufanya kazi ambayo wakala anapanga na kujadili tu bila kugusa faili. Maneno mengine: uone kwanza.

"Lakini inachelewesha"

Ndiyo, inachelewesha. Hoja hii nimeisikia na siidharau. Mtu ana sehemu mia tatu za kubadilisha na kazi inatakiwa kesho saa mbili asubuhi. Ukimletea orodha ya mistari mia tatu hataisoma, atabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo mpaka mwisho. Onyesho lisilosomwa ni sawa na kutokuwa nalo, tena ni baya zaidi maana linakupa moyo kwamba umehakiki.

Jibu langu ni kupunguza cha kusoma. Anza na idadi. Sisi tungeuliza "Tanganyika ipo mara ngapi na kwenye mafaili gani?" tungeambiwa 23, na nyingine zipo kwenye faili la historia. Hapo tu tungesita. Kisha mwambie wakala azipange kwa makundi: zenye neno Ziwa kabla yake, zenye mwaka ndani ya sentensi, zilizobaki. Makundi matatu yanasomeka kwa dakika mbili. Halafu ubadilishe kundi moja, utazame, uende jingine. Na kabla ya yote, kopi folda nzima uiweke kwenye flashi. Maji yakimwagika hayazoleki, ila faili lenye nakala linazoleka.

Dakika zile mbili nimeshazipigia hesabu. Kusahihisha upya karatasi sitini na mbili kulituchukua Jumapili nzima. Kuwashawishi watoto kwamba majibu waliyoyafuta ndiyo yaliyokuwa sahihi kulichukua wiki tatu, na sina hakika tumewapata wote.

Ninachoomba

Nikitoka chuo napita kwa miguu kuelekea Kariakoo, ninakoishi kwa mjomba. Pale njiani kuna fundi wa nguo. Hajawahi kuweka mkasi kwenye kitambaa cha mtu bila kuchora chaki kwanza, akakuita uje uone mstari. Pale Feri mnunuzi hapandi bei kwenye mnada kabla hajafunua mashavu ya samaki. Hawa watu hawajasoma kompyuta, na hakuna anayewaambia wanachelewesha kazi.

Naomba mambo matatu. Kwa wenzangu: zima ile ruhusa ya kubadilisha yote bila kuulizwa, angalau kwenye kazi inayomhusu mtu mwingine. Ripoti yako ukiiharibu ni yako. Mtihani wa watoto, orodha ya majina ya wanufaika, maksi za darasa, hivyo si vyako.

Kwa walimu wetu: somo la kompyuta kwa wanaosomea ualimu linatufundisha kutengeneza slaidi na majedwali. Tuongezewe saa moja ya kutafuta na kubadilisha, kwa mifano ya Kiswahili, pamoja na namna ya kumwamuru wakala aonyeshe kabla ya kutenda. Tunakwenda kuwa watu wanaotunga mitihani.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi: tuna wenzetu wanaojua haya. Tuwape darasa moja jioni moja kabla ya msimu wa kukabidhi tafiti, kabla foleni ya kuprinti haijaanza.

Yule binti amemaliza darasa la saba. Siku ya mwisho nilimuuliza kwa nini alikuja kuniuliza wakati wenzake wote walinyamaza. Akanitazama kama vile swali langu halina akili.

"Nilikuwa nimesoma swali, mwalimu," akasema. "Nikasoma na jibu."